Habari za Popo kwa Mwenye Eda

Uongo wa Hudhaifa ulianza kwa neno moja tu, tena neno dogo. Mama yake alimwuliza kutoka chumbani, "Wametoka?" naye akajibu, "Wametoka." Basi. Mtu angedhani neno kama hilo linapita na kwenda zake, lakini lilirudi kesho yake Magharibi, likarudi keshokutwa, na kila liliporudi lilidai nyongeza. Mara popo wametoka wengi. Mara wametoka wakaelekea upande wa Mtambile kwenye miembe. Mara yule dume mkubwa, ambaye marehemu baba alimwita Shehe, ametangulia mbele ya wenziwe kama kawaida yake. Mpaka mama anakaribia kumaliza eda, Hudhaifa alikuwa ameshawazalisha popo, amewalea watoto wao na kuwafundisha kuruka, wote kinywani mwake, na ukweli ni kwamba kule msituni hakukuwa na popo hata mmoja.

Asije mtu akamhukumu kabla hajamjua. Hudhaifa ni fundi wa pikipiki pale Mtambile, na kwa kazi yake si mwongo hata kidogo. Injini ikifa humwambia mwenyewe imekufa, hata kama mwenyewe ametoka mbali na uso umemshuka. Uongo wake ulikuwa huu mmoja, na aliubeba kwa sababu hakuona pa kuutua.

Baba yake, Mzee Himid, alikuwa mlinzi wa popo. Hakuajiriwa na mtu. Ujanani aliwala kama walivyoliwa na wengine, kisha akaona wanakwisha, akaacha, na tangu hapo akawa anawatetea kwa ukali wa mtu aliyeacha tumbaku. Walilala kwenye mivule ya msitu mdogo nyuma ya kilima, wale popo wakubwa wa Pemba wenye manyoya ya rangi ya kutu na uso kama wa kijibwa, wamejining'iniza miguu juu na mbawa wamejifunika kama majuba. Kila vuli, embe zinapoanza kugeuka rangi, Mzee Himid alichukua watu kwenda kuwaangalia. Watoto wa skuli, wageni, jamaa waliokuja kuchuma karafuu, yeyote mwenye miguu. Masharti yake yalikuwa mepesi, lakini ole wako uyavunje: watu wachache, na mkifika kwenye mkunazi ulio mlangoni mwa msitu mnavua viatu, kwa sababu kiatu hakijui kinakanyaga nini. Toka hapo ni kunong'ona. Aliyekohoa alitazamwa mpaka akaona haya.

Chini ya mivule ile palikuwa na makaburi ya zamani, na Mzee Himid ndiye aliyewaomba watu wa kijiji wazike kwingine, ili popo wasisumbuliwe. Wakamkubalia.

Sasa tazama mambo yalivyokuja. Siku aliyofariki, alianguka asubuhi akianika karafuu, na kufika adhuhuri hakuwapo tena. Bi Mwanabaraka, mkewe, alikuwa ameshaingizwa chumbani na wanawake wenziwe. Kabla jeneza halijatoka alimtuma jirani yake, Bi Asya, apeleke neno barazani kwa wanaume: "Mzikeni chini ya popo wake. Asilale peke yake."

Hudhaifa alilisikia neno lile na moyo ukamlia paa. Alijua baba asingetaka. Lakini mwambie nani, siku kama ile? Kuna mwanamume gani wa kusimama barazani akamkatalia mjane mbele ya maiti? Akanyamaza. Na kwa kuwa Mzee Himid alipendwa, watu walikuja kutoka Mtambile, kutoka Mkoani, wengine walivuka kutoka Makoongwe na Kisiwa Panza. Wakafyeka matawi ya chini kwa mapanga ili jeneza lipite. Wakaingia na tahalili kwa sauti za vifua vyao vyote, kama inavyopasa kumsindikiza mtu mwema. Nao popo wakainuka. Mchana kweupe, wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya mivule wakipiga kelele, kivuli chao kikapita juu ya vilemba na kanzu. Watu waliokuwa wakiteremsha maiti waliinua macho. Halafu popo wakakata upande wa bahari, wakaenda.

"Alfajiri watarudi," watu walisema. Hawakurudi.

Ndipo mama alipouliza, kutoka kwenye mkeka wake wa eda, "Wametoka?" Na Hudhaifa angejibuje? Amwambie wameondoka, mama, na neno lako ndilo lililowaondoa? Akasema wametoka. Wanawake waliokuja kukaa naye walijua wote, na wote wakauunga mkono uongo. Hata Bi Asya, ambaye hana siri ya zaidi ya nusu saa, hii aliiweza. Mwenye eda hapelekewi habari mbaya. Ndivyo walivyolelewa, na kijiji kizima kikawa na ulimi mmoja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kijiji hakikulijua. Ijumaa ya mwanzo baada ya mazishi Hudhaifa alikwenda kumsomea baba yake Yasini. Alikaa chini ya mivule ile mitupu, hapana mlio, hapana harufu, na kimya kile kikamwelemea mpaka akashindwa kufika katikati ya sura. Akafunga msahafu akaondoka. Alijiambia atakwenda Ijumaa ijayo. Ijumaa ijayo akajiambia hivyo hivyo. Hakukanyaga tena.

Eda ikaisha. Wanawake wakamwogesha Bi Mwanabaraka, wakamvika nguo mpya na kumfukiza udi, na siku ya pili yake baada ya sala ya alasiri akamwita mwanawe uwani.

"Twende tukaangalie popo," alisema. "Vuli hino, babayo angelikuwa kashapeleka watu mara ngapi."

"Mama, miguu yako haijazoea. Umekaa ndani muda."

"Ndo n'taka niizoeze."

"Na huko kuna makaburi, mama. Watu watasema."

"Miye nenda kuangalia popo," alisema Bi Mwanabaraka, akitengeneza buibui lake. "Kaburi likiwa njiani n'tatoa salamu nipite. Kuna mtu kakatazwa salamu?"

Kwao wanawake hawana desturi ya kwenda makaburini, lakini mtu akitaka njia huipata. Hudhaifa akachukua fimbo ya baba yake ukutani akampa mama aishike, wakatoka. Alikuwa ameshaamua. Atamwambia njiani. Toka nyumbani mpaka kwenye mkunazi kuna mwendo wa kutosha mtu kusema lolote, ikiwa mtu huyo ana kinywa. Asingekubali mama yake aingie kule na moyo umejaa akute matawi matupu.

Mvua ya vuli ilikuwa imepiga usiku. Njia ilipita katikati ya mikarafuu, na kila uwanja waliopita ulikuwa na majamvi yaliyoanikwa karafuu, harufu yake kali inaingia mpaka kooni. Jongoo walikuwa wametoka kwa wingi, wanavuka njia polepole kama wenye mali, na Bi Mwanabaraka alikuwa akiwapisha mmoja mmoja.

"Mama," Hudhaifa alianza, "kuna jambo."

"Shh!" Mama alimshika mkono. "Yule!"

Ndege kurumbizi alikuwa juu ya mpapai, manjano kama ndimu iliyoiva, anageuza kichwa. Bi Mwanabaraka alimtazama mpaka akaruka, kisha akashusha pumzi. "Miezi yote hii nalikuwa n'namsikia tu. Leo namwona. Ulikuwa wataka kusema nini?"

"Nilitaka kusema utelezi. Angalia utelezi."

Wakaenda. Penye bonde tumbili walikuwa wameingia kwenye ndizi za mtu, mmoja ana mtoto kifuani, wanakula bila aibu. Bi Mwanabaraka akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, akaweka kitambaa mdomoni kana kwamba kimemtoroka. Hudhaifa akaona haya kumkatiza. Mbele kidogo paa alikata njia, mdogo, wa rangi ya kijivu, akasimama akawatazama kwa jicho moja jeusi kabla hajapotea kwenye vichaka. "Babayo alikuwa akisema paa akikutazama hivyo kakujua," alisema mama. Hapo Hudhaifa alikuwa ameshafungua kinywa mara ya tatu, akakifunga tena. Ukimwangalia ungesema mtu anapiga miayo.

Kwenye kona wakakutana na Duni, mzee wa rika la marehemu, amebeba pakacha la karafuu mbichi begani. Alilitua alipomwona mjane.

"Bi Mwanabaraka! Wambaje? Umetoka salama?"

"Alhamdulillahi, Mzee Duni. Kwema?"

"Kwema. Na nyinyi mwenda wapi kuno?"

"Twenda angalia popo."

Duni alimtazama Hudhaifa. Hudhaifa akatazama pakacha. "Ee," alisema Duni. "Haya. Mungu akupe subra, Bi Mwanabaraka." Akalipandisha pakacha lake begani, ingawa hakuwa amepumzika, akaenda zake haraka.

"Duni kazeeka ghafla," alisema mama.

Karibu na kilele cha kilima miguu ikamshinda, wakakaa juu ya gogo la mnazi. Bi Mwanabaraka alivua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga, akawa anakishika mkononi bila kukivaa.

"N'takwambia kitu, mwanangu," alisema. "Siku zile za mwanzo sikulala. Kila nikifumba macho namwona babayo yuko kule kizani, peke yake, na miye nimefungiwa siwezi hata kumtupia jicho. Nalikuwa nafikiri, mtu huyu hakuzoea kulala bila ya mtu. Basi ulipokuja ukaniambia wametoka, nikajua alfajiri watarudi, watamlalia juu yake kama kawaida. Nikapata usingizi. Kila Magharibi nalikuwa nangoja sauti yako mlangoni. Zile habari zako ndo zilizonitoa edani na akili yangu. Mungu akulipe."

Basi! Ikiwa Hudhaifa alibakiwa na neno lolote kinywani, lilirudi likakaa tumboni. Aliona aibu na huruma kwa pamoja, na hasira pia, na hasira hiyo hakujua aielekeze kwa nani. Akainama akamvalisha mama yake kiatu.

Waliposhuka upande wa pili, Bi Mwanabaraka akaanza kunusa. Popo wengi namna ile wana harufu yao, nzito na tamu kidogo, kama mafenesi yaliyooza, na zamani ilikulaki kabla hujaona mti.

"Sisikii harufu."

"Upepo umegeuka, mama."

"Wala kelele zao."

"Wamelala."

Hata yeye alijichukia aliposema hivyo. Na pale pale wakafika kwenye mkunazi.

Bi Mwanabaraka alishika shina, akavua viatu vyake, akaviweka pamoja vizuri kwenye mzizi ule ule ambao mumewe alikuwa akiweka vyake. Akamgeukia mwanawe, akaweka kidole mdomoni. Hudhaifa akavua vya kwake. Hakuweza kufanya vingine. Kisha akamfuata mama yake, mwanamke mtu mzima anayekwenda kwa ncha za vidole, anainua buibui lisishike majani makavu, anatafuta pa kuweka kila unyayo asivunje kijiti. Alikuwa anawalindia usingizi viumbe ambao hawakuwapo. Machozi yalimtoka Hudhaifa nyuma yake, na hata hayo aliyafuta bila sauti.

Mama alisimama pale ambapo baba aliwasimamisha watu. Akainua uso.

Mivule ilikuwa imefunga majani. Yale matawi yaliyokuwa yamepukutishwa na makucha na uzito wa popo yalikuwa yamestawi tena, kijani kibichi, na jua la jioni lilipenya likatua chini. Ardhi ilikuwa safi. Hapakuwa na kokwa za kungu zilizotafunwa wala mavi yao. Ndege mmoja mdogo, chozi, alikuwa akirukaruka juu ya ua na kuona msitu wote ni wake.

"Wamehama mti?" alinong'ona Bi Mwanabaraka.

"Mama," alisema Hudhaifa.

"Nong'ona."

"Mama," akanong'ona, "hawapo."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama juu, shingo imenyooka, kama mtu anayeamini kuwa akivumilia kidogo wataonekana. "Toka lini?"

Uongo ulikuwa tayari, tena mzuri. Angeweza kusema wameondoka juzi, mvua kubwa ilipoanza. Kwamba kila vuli wengine huhama. Kwamba watu wanawaona Makoongwe. Mama angeamini. Angerudi nyumbani na huzuni ndogo badala ya kubwa. Hudhaifa alilifikisha neno mpaka kwenye meno. Lakini mama alikuwa peku pale, vidole vyake vimezama kwenye udongo wa baridi, na hakuweza.

"Toka siku ile," alisema.

"Siku ya maziko."

"Ndiyo, mama."

Bi Mwanabaraka aliishika fimbo ya mumewe kwa mikono miwili. Aliona mashina ya matawi yaliyofyekwa na mapanga, makovu yake bado meupe, na Hudhaifa akamwona akiyaunganisha mambo, watu wote wale, zile sauti, na neno lake mwenyewe alilomtuma Bi Asya.

"Miye ndo niliyesema," alisema.

Hudhaifa akatazama chini.

"Yeye mwenyewe alikataza watu wasizikwe hapa. Nalijua. Nalijua, nikasahau. Nilifikiria upweke tu." Halafu akauliza, "Liko wapi?"

"Nini, mama?"

"Kaburi."

Na hapa ndipo lilipomkuta lile asilolitegemea. Siku nyingi alikuwa akiogopa habari ya popo, akiigeuza na kuigeuza, hata akasahau kwamba kuna jambo jingine la kuulizwa. Hudhaifa aliinua mkono aonyeshe, mkono ukabaki hewani. Magugu yalikuwa yamepanda mpaka magotini. Mvua ilikuwa imeyasawazisha matuta, na palikuwa na makaburi ya zamani hapa na pale. Alitazama upande wa mvule mkubwa, akatazama upande wa pili. Alikwenda hatua chache, akarudi. Mwishowe akaliona shahidi la mti, alama ya kaburi ambayo yeye mwenyewe aliichomeka upande wa kichwani, limeinama, limezongwa na mmea mtambaa.

"Hili," alisema.

Mama alikuwa akimtazama muda wote huo. Hakulitazama kaburi kwanza. Alimtazama yeye.

"Hujaja," alisema. Hakuwa ananong'ona tena.

"Nilikuja mara moja."

"Na zile Ijumaa ulizokuwa ukivaa kanzu ukanambia waja kumsomea?"

"Nilikuwa nasali Mtambile, nakaa gereji."

"Kila Magharibi wanipa salamu za kuno."

"Ndiyo, mama."

Bi Mwanabaraka alitikisa kichwa polepole. Sauti yake haikuwa ya ukali, na laiti ingekuwa ya ukali Hudhaifa angepata pa kujishikia. "Popo n'nawasamehe. Wale ni viumbe, walitishwa, wakaruka. Weye, mwanangu, nani alikutisha?"

Hudhaifa alikaa chini. Fundi mzima, baba wa watoto, alikaa kwenye majani yenye maji akalia kwa sauti, na safari hii hakujali kelele. Alilia kwa ajili ya baba yake aliyelala pale mvua zote za vuli bila hata mtu wa kumng'olea jani. Alitaka kusema kwamba kimya kilimshinda, kwamba alifikiri akilificha hili la popo atakuwa ameficha yote. Mama hakumnyamazisha.

Alipotulia, aliona mama ameweka fimbo chini, amepiga magoti pembeni mwa kaburi na anang'oa magugu kwa mikono, anayavuta na mizizi yake na kuyarundika nyuma. Akajongea akaanza upande wa pili. Walifanya kazi bila kusemezana. Mtambaa ulikuwa na miiba, na walipomaliza kusimamisha lile shahidi vidole vya wote wawili vilikuwa na damu. Kisha Hudhaifa akasoma Yasini kwa kichwa, safari hii mpaka mwisho, akaomba dua, na Bi Mwanabaraka akaitikia amini.

"Assalaam alaykum, Himid," alisema mama alipoinuka. Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake tupu mbele ya mtoto. "Nalitaka usilale peke yako. Ndo nikakuweka peke yako. Nisamehe."

Walirudi hadi kwenye mkunazi, wakavaa viatu, wakapanda kilima. Anga ilikuwa inageuka, saa ile ambayo zamani ingejaa mbawa. Hakuna aliyeinua macho.

Usiku ule hawakuzungumza. Kesho yake Hudhaifa alifunga gereji mapema, na Magharibi ilipoingia alifika nyumbani, mikono ina udongo, akasimama mlangoni mwa chumba cha mama yake kama alivyozoea. Hakujua kama ana ruhusa ya kusema lolote. Mama alikuwa anamalizia uradi wake, tasbihi inapita vidoleni. Hakugeuka.

"Wametoka?" aliuliza.

"Hawapo, mama. Hawajarudi."

Tasbihi ikaenda punje moja, ikaenda nyingine.

"Na babayo?"

"Nimemsomea. Nimesafisha na upande wa miguuni."

Bi Mwanabaraka aliendelea na uradi wake, mpaka Hudhaifa akafikiri yamekwisha, akataka kuondoka.

"Ulivua viatu?"

"Nilivua, mama."

"Haya," alisema mama. "Na kesho uvue."